Mkeka Uliorudishwa

Tutuila,
Samoa ya Marekani.
Jumapili, 15 Juni 2014.

Mpendwa mdogo wangu Lafaele,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyemwaga bahari kubwa hivi katikati yetu na bado akatuachia masikio ya kusikiana. Hujambo? Mguu unaendeleaje? Mkeo Lusi aliniambia kidonda kimefunga, halafu pumzi hiyo hiyo akaniambia umerudia soda na mkate mweupe. Najua kipi cha kuamini kati ya hivyo viwili. Acha soda, Lafaele. Sukari imeshakula watu wa kutosha katika ukoo huu, na mimi sina nguvu ya kukulilia kwa simu.

Huko kwenu Alaska nasikia sasa hivi jua halizami kabisa, watu wanalala kukiwa kweupe kama mchana. Watu hapa wakisikia wanashangaa. Mimi sishangai. Nadhani najua kwa nini ulikwenda kuishi huko, ila hatujawahi kulisema.

Sisi hatujambo kwa kiasi chetu. Magoti yangu yanalia asubuhi, yakishapata joto yananyamaza. Mvua imenyesha mfululizo, mashelisheli yanaanguka na kupasuka chini, nguruwe wananenepa bila kutafuta. Mchungaji mpya anahubiri kwa kifupi, na watu wote wanasema ni mcha Mungu kuliko yule wa zamani. Kaburi la mama nimelipaka chokaa upya, nikapanda na yale maua mekundu aliyoyapenda. Kaburi la binti yangu Seleisa pia nimelipaka. Yote mawili yako pamoja hapo mbele ya nyumba, nikifungua mlango nawaona.

Mwandiko wangu unaujua. Wewe ulipelekwa shule, mimi nikabaki na mama kusuka. Herufi hizi niliziokota sebuleni kwa mchungaji kwa ajili ya Biblia, kwa hiyo zinatembea zinavyotaka. Soma polepole. Usimpe Lusi akusomee, maana mbele huko kuna maneno nataka uyasome peke yako.

Pasaka ulinipigia ukauliza, "Haya, Falaniko kasaini chuo gani?" Nikakwambia mtandao mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri. Mdomo ndio ulikuwa mbaya. Leo nakuandikia yote, kabla hujayasikia kwa watu wa kanisa lenu huko, ambao wakipewa kipande cha habari wanapika sufuria nzima.

Falaniko mara ya mwisho ulimwona akiwa mtoto, siku tulipomzika mama yake, Seleisa. Ungemwona sasa. Akiingia mlangoni, mlango unakwisha. Anacheza ule mpira wa Wamarekani wa kugongana, mstari wa mbele kabisa, pamoja na wale wanene wanaoinama na kuzuia, ambao hakuna anayewapigia makofi ila mama zao. Kwa kuwa yeye hana mama, mimi napiga makofi ya watu wawili. Mwaka jana waliposhinda nilipiga mpaka kiti cha mchungaji kikavunjika mguu. Kiti chenyewe kilikuwa kibovu.

Unajua vijana wa hapa wanavyotoka. Ni mpira, au jeshi, au unabaki kiwandani kuondoa jodari mifupa mpaka mikono inuke hata siku ya harusi yako. Falaniko alitaka mpira umfikishe chuoni, na chuoni alitaka kitu kimoja tu. Alitaka kusomea zile mashine za kusafisha damu. Alikuwa akikaa sakafuni hospitalini akiiangalia mashine ya mama yake inavyozunguka, na siku ilipoharibika akaona watu wazima wanavyokimbia huku na huku na hakuna anayejua kuitengeneza. Miaka imepita ndipo akaniambia, "Bibi, mimi nitarudi hapa kutengeneza zile mashine." Nami nikaweka neno hilo moyoni nikalilalia.

Basi Oktoba akaja kocha wa chuo kimoja kikubwa cha bara, wanakoona theluji. Jina lake Rudd. Mtu mrefu, shingo nyekundu kama jogoo. Uelese, kocha wa shule yetu, ndiye aliyemleta nyumbani Jumapili baada ya ibada. Tulifukia nguruwe kwenye mawe ya moto, tukapika magimbi, na yale majani ya magimbi kwa tui la nazi. Tukamwekea kiti. Akakataa kiti, akakaa chini kwenye mkeka kama sisi, akahangaika kuikunja ile miguu yake mirefu hadi Fetu, yule wifi yangu asiye na breki mdomoni, akasema, "Mpeni mto huyo. Akitufia hapa watasema tumemroga." Watu wakacheka, naye akacheka bila kujua anachekea nini.

Alikula vizuri. Mtu anayekula vizuri nyumbani kwangu namwamini mapema mno, ndivyo nilivyo. Falaniko na binamu zake wakaimba, yule kocha akafuta macho. Kisha akasema, na Uelese akatutafsiria, kwamba nafasi ya kijana ipo, ameishikilia yeye mwenyewe kwa mkono wake, kusoma bure, kula bure, kulala bure. Akanigeukia mimi. "Bibi, nitamtunza kama mwanangu. Kuanzia leo mimi na nyinyi ni ukoo mmoja."

Lafaele, wewe ungesikia neno hilo, mbele ya chakula, mbele ya mkuu wetu wa ukoo, ungefanya nini? Mzee Sekone alisimama na fimbo yake, akatoa hotuba ndefu ya kujibu, na alipomaliza akanitazama. Sikuhitaji kuulizwa. Niliingia ndani, nikainua godoro, nikautoa ule mkeka.

Ndiyo, ule. Mkeka laini wa mama, wa majani ya mkadi yaliyochanwa nyuzi nyembamba hata ukiukunja unateleza kama hariri, wenye pindo la manyoya mekundu. Ule aliousuka tangu wewe hujaanza kutambaa, macho yake yakafifia juu yake, pindo la mwisho nikalimaliza mimi kwa vidole vyangu yeye akilipapasa na kuniambia, "Hapo umelegeza, fumua." Wewe ulikuwa shuleni, hukuona. Ulikuwa mkeka wa kunifunika mimi siku yangu ikifika. Wote mlikuwa mnajua hivyo.

Wasichana wawili wakaushika pande mbili, wakautembeza wazi ili kila mtu auone, wanawake wakaushangilia. Kocha akaupokea kwa mikono miwili, akauinua juu ya kichwa chake, taratibu, kama inavyotakiwa. Nikasema moyoni, huyu anajua anachokifanya. Kumbe Uelese ndiye aliyemnong'oneza ainue.

Kesho yake Uelese alinijia nikiwa nafua.

"Bibi Eseta, usiniharakishe, nina neno. Maneno ya kocha hayafungi kitu. Mpaka Februari karatasi ije, kijana hana chuo."

"Na mkeka?"

"Kwao mkeka ni zawadi, Bibi. Kama kofia."

"Na kwetu ni nini, wewe uliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka hapa?"

Akakuna kichwa. "Kwetu ni agano. Lakini nasema, kocha mwingine akija, tumsikilize tu. Kusikiliza si dhambi."

"Unataka nioze binti mmoja kwa waume wawili halafu nisubiri nione nani atalipa mahari kwanza?"

Akacheka, akaokota nguo iliyoanguka, akaisuuza, akaondoka. Ni kijana mwema. Angekuwa mkorofi kidogo, labda tungemsikia.

Maana yule wa pili alikuja kweli, Novemba. Kocha Vaifale, wa chuo kidogo cha jangwani huko bara. Baba yake ni mtu wa visiwa vya Manu'a, kama mama yetu. Alikuja na boksi la nyama ya kopo, akatusalimu kwa lugha yetu, akakaa miguu imekunjwa sawasawa bila mto. Hajafika hata kwenye neno lililomleta, Sekone akamwambia kwa heshima kwamba mkeka wa nyumba hii umeshatoka. Unajua alifanya nini? Aliinamisha kichwa. "Basi sina neno, wazee wangu. Mkeka ukishatoka umetoka." Akamaliza kakao yake, akamshika Falaniko bega, akaenda zake.

Angekuwa mgeni asiyejua desturi angebishana, angerudi kesho, angepiga simu, angetuchosha hadi tuyumbe. Huyu alituelewa. Ndivyo tulivyompoteza.

Nami siku ile nilijisikia vizuri, usinifikirie vingine. Nilimwambia Falaniko mbele ya wote, nikinyoosha kidole, "Umeona? Mtu wa ukoo huu akitoa neno hageuki." Kijana akaitika, "Ndiyo, Bibi." Likumbuke neno hilo, litarudi.

Februari ikafika siku ya kusaini. Shule iliweka meza ndefu ukumbini, viti vya vijana vimepangwa, kila mmoja jina lake limebandikwa mbele na kofia ya chuo chake juu ya meza. Mimi nilimtengenezea shada la peremende, nimezifunga moja moja kwa nyuzi nyekundu, likamfika kiunoni. Nilimvalisha mwenyewe. Ilibidi apige magoti ndio nimfikie shingo.

Wenzake karatasi zao zilikuwa zimefika. Wanasaini, wanavaa kofia, mama zao wanacheza, watu wanapiga picha. Falaniko amekaa na kalamu mkononi. Uelese yuko mlangoni na simu sikioni, anatoka, anaingia, anatoka. Kila akiingia hanitazami. Nikajua kabla ya kuambiwa. Mtu asiyekutazama ana habari yako mfukoni.

Kumbe Rudd alikuwa ameshahama tangu Januari. Amechukuliwa na chuo kingine kikubwa zaidi, na huko nafasi zilikuwa zimejaa. Pale alipotoka ameingia kocha mkuu mpya na vijana wake mwenyewe, na jina la Falaniko halimo popote. Hakuna aliyetuambia. Uelese alipompata, Rudd alisema alidhani waliobaki nyuma wangetupigia.

Kijana alikaa pale mpaka wapiga picha walipokunja mambo yao. Ile kofia alikuwa ameshaishusha mapajani, chini ya meza, ili asimwaibishe mtu. Kisha akasimama, akavua shada langu, akamvalisha yule mwenzake wa kiti cha pembeni. "Hongera, ndugu yangu," akasema, na akatabasamu. Halafu akaanza kukusanya viti pamoja na wanawake wa usafi. Alivibeba vinne vinne, akavipanga ukutani. Sijawahi kuona mtu akipanga viti vizuri hivyo, Lafaele. Nilitaka Mungu anipofue hapo hapo.

Nyumbani hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Uelese alimpigia Vaifale, lakini nafasi za jangwani nazo zilikuwa zimejaa. Baada ya wiki kadhaa Falaniko akaanza kazi kiwandani, anarudi ananuka jodari, anaoga, anakaa hapo kwenye kaburi la mama yake anachezea simu yake. Nikimwita kula anasema ameshakula. Mtoto huyu tangu azaliwe hajawahi kusema ameshakula.

Machi akaja Sajini Mikaele anayeandikisha jeshi. Ni mtoto wa kijiji cha jirani, nguo zake zimepigwa pasi unaweza kujikata nazo. Simsemi vibaya, alikuja mchana, akaeleza kila kitu wazi, akala kidogo kwa adabu. Falaniko aliuliza kama jeshini kuna kazi ya mashine za hospitali. Mikaele akasema zipo, ila kwa sasa walichonacho ni askari wa miguu, huko mbele atajaribu kuhamishwa. "Sikuahidi nisichonacho," akasema. Nadhani ndilo neno lililomkamata mjukuu wako. Baada ya yule mwingine, huyu aliyesema sikuahidi alionekana malaika. Akaenda, akainua mkono mbele ya bendera, akaapa.

Ndiyo. Ameingia jeshi. Nilitaka ulisome kwa mwandiko wangu. Kama umekaa, endelea kukaa, bado sijamaliza.

Mwezi uliopita Rudd alirudi. Makocha wa bara wanakuja kila mwaka kuwafundisha watoto na kuwapima kwa macho. Ana fulana mpya, rangi ya chuo kipya. Siku ya pili akaja nyumbani na Uelese, mkononi ana mfuko wa plastiki wa dukani. Tukampikia. Mgeni ni mgeni, hata Fetu aliyeapa atammwagia maji ya moto ndiye aliyemkaribisha kipande cha pili. "Kula," akamwambia kwa lugha yetu, "kula, mwongo we, magimbi hayana kosa." Uelese hakutafsiri.

Alipomaliza kula, Rudd akaufungua ule mfuko. Mkeka wetu. Umekunjwa vibaya, manyoya mawili yamevunjika. Akasema hajalala vizuri tangu Februari. Akasema hastahili kukaa na kitu kama hiki, ni mali ya ukoo wetu, ameona haki aurudishe. Akausukuma mbele yangu kwa mikono miwili na machozi yanamtoka.

Sekone akashusha kikombe. Fetu akaacha kutafuna. Wewe sihitaji kukueleza. Mtu akiua akaja kukaa mbele ya nyumba yako amejifunika mkeka, ukiupokea umemsamehe, ukiukataa ajue kifo kipo palepale. Mkeka ukipokewa watu wamefungana, ukirudishwa umewakata. Na huyu anaturudishia wa kwetu, nyumbani kwetu, akiamini anatufanyia wema. Wazo la kumpiga kwa mwiko lilinijia likakaa. Lakini nilimwangalia usoni, Lafaele, na si mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniuma. Ningempata mtu mbaya ningemlaani nikapumzika.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Mkeka uko pale kwenye plastiki, nguruwe wanakoroma nje. Ndipo Falaniko akaingia kutoka kiwandani, buti za mpira mkononi, harufu yake imemtangulia. Akatazama mara moja akaelewa. Akapiga magoti, akauchukua mkeka kwa mikono miwili, akauinua juu ya kichwa chake. "Asante, kocha," akasema. "Safari njema." Basi. Alimfungua yule mtu akamwacha aende. Rudd akamkumbatia, akaondoka amenyooka mgongo kama aliyetuliwa gunia. Naam, gunia alilitua kwetu.

Sasa sikiliza. Mkeka uliporudi, sisi nasi tulikuwa huru. Uelese alimpigia Vaifale siku ile ile. Na kwa bahati, au kwa vyovyote Mungu anavyoviita vitu kama hivi, kijana mmoja wa huko ameumia goti, nafasi ipo Agosti, kusoma bure. Vaifale akasema, "Kama mkeka umerudi, basi naruhusiwa kusema. Namtaka." Nikaenda mwenyewe kwa miguu hii hadi kwa Sajini Mikaele. Akaniambia ukweli: mpaka siku anapanda ndege, kijana anaweza kujitoa, anaandika tu kwamba ameghairi. "Nitanuna mpaka chakula cha mchana, Bibi, halafu nitasahau. Mwambie aende shule."

Nilirudi nikiimba, magoti na yote. Falaniko alikuwa anamenya magimbi.

"Jeshi linakuruhusu uache," nikamwambia. "Mikaele mwenyewe kasema. Vaifale anakusubiri. Na mashine zako wanafundisha, Uelese kauliza."

Akaendelea kumenya. "Nimeapa, Bibi."

"Kuapa gani. Uliinua mkono, ushushe."

"Na mkeka je?"

Nikaanza kuokota maganda.

"Kocha Vaifale alikaa hapo," akanionyesha kwa kisu. "Hamkumwacha hata amalize salamu. Ukanyoosha kidole ukasema mtu wa ukoo huu akitoa neno hageuki. Mimi niliamini. Nilikaa pale mezani mbele ya shule nzima nikiwa naamini. Sasa unataka nitoe neno, kikija kitamu zaidi nihame? Huyo ni Rudd, Bibi. Unataka niwe Rudd?"

Hakupaza sauti. Alisema kama anavyosema chumvi imekwisha. Kisha akanimenyea gimbi lililoiva, akanipa ile sehemu ya moyo, laini, anayojua naipenda.

Jibu nimelitafuta kwenye Biblia, mdogo wangu, nimelitafuta kwa Sekone, naye ananitazama tu. Nilimlea mimi. Nilimsimamisha mimi mahali hapo, nikamwambia usisogee, na sasa maji yanapanda na yeye hasogei.

Anaondoka tarehe saba Julai. Vita vyao bado havijaisha, unaviona kwenye televisheni kuliko mimi.

Ninalokuandikia ni hili, na ndilo nililosema usome peke yako. Katika ukoo huu ni wewe tu uliyeinua mkono ule, ukaenda, ukarudi. Uliporudi kutoka Vietnam sikukuuliza. Nilikukuta umelala nje juu ya mawe ya kaburi la baba, taa ya chemli inawaka kichwani pako. Nikaenda kuongeza mafuta. Kila jioni niliongeza mafuta, mpaka ulipohama. Mama alitaka kuuliza, nikamkataza. Nikasema, siku akitaka atasema. Umezeeka, una wajukuu, umekwenda kuishi jua lisikozama, na bado hujasema.

Leo nauliza. Si kwa ajili yangu.

Sikuombi umwambie avunje neno. Hilo siwezi kukuomba wala wewe usingelifanya. Nakuomba umpigie simu umwambie ulichokiona. Chote, bila kukiosha. Mwambie kwa nini taa haizimwi. Huyu kijana amesikia hotuba za kila mtu, hajasikia hata moja kutoka kwa mtu anayejua. Akishakusikia, na bado akaenda, nitamfungia nguo zake mwenyewe na kumwimbia uwanja wa ndege. Lakini aende akijua. Mezani pale alikaa hajui, na sitaki akalishwe hivyo mara ya pili.

Na kama huwezi, usiweze. Nitajua, na nitakupenda vilevile, na hatutalisema.

Mkeka nimeurudisha chini ya godoro. Yale manyoya mawili nimeyaunga, huoni palipovunjika mpaka uambiwe. Zamani nilikuwa nikiulalia nausahau. Sasa nausikia. Uliwekwa kwa ajili yangu, na mimi ni mzee, nina haki nao, zamu ni yangu. Kila nikipiga magoti naomba neno moja tu, foleni isivurugwe. Nawe niombee hivyo hivyo: unifunike mimi kwanza.

Msalimie Lusi na umwambie soda nimezisikia. Wasalimie wanao Penitala na Iosua, na yule mjukuu mpya ambaye mmempa jina la mama yetu. Mnuse shingo kwa niaba yangu. Hapa wanakusalimu Mzee Sekone, Uelese, na Fetu, anayesema umtumie samaki wenu wa kukausha kwa moshi na usijifanye hukusoma hapa. Falaniko anakusalimu sana. Hajui ninachokuandikia. Hutoka kazini saa kumi na moja jioni, na simu yake haizimi.

Mungu akufunike wewe na nyumba yako, akuponye mguu, na taa yako iwake muda wote unaoihitaji.

Ni mimi dada yako nikupendaye, tangu siku nilipokubeba mgongoni mpaka siku nitakapobebwa,

Eseta